Mafuta Juu ya Divai

Nianze na divai yenyewe, kwa sababu katika Bukavu ya miaka ile hakukuwa na mweusi mwingine aliyeweza kuieleza kama mimi, na hata weupe waliokuwa na uwezo huo walikuwa wachache.

Chianti ni divai ya milima. Kati ya miji miwili ya Italia, Firenze na Siena, kuna vilima vinavyopanda na kushuka kama vya kwetu Bushi, ila huko udongo umejaa mawe na badala ya migomba utaona mizeituni na mizabibu. Zabibu kuu ya divai hiyo ni nyeusi, inaitwa sangiovese, na watu wa kule husema maana yake ni damu ya mungu mmoja wa zamani, kabla hawajabatizwa. Ukiikamua peke yake unapata kinywaji kikali, chachu, kinachokausha ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Kwa hiyo wazee wao walizoea kuichanganya na zabibu nyeusi nyingine ya kuilainisha, na nyeupe kidogo ya kuifanya nyepesi.

Halafu kuna kazi ambayo nikiisimulia watu hudhani natunga. Wakati wa mavuno wanachagua vishada vizuri na kuvitundika juu ya matete vikauke. Divai ikishamaliza kuchemka katika mapipa, na kila mtu anadhani imelala, wanazikamua zile zabibu kavu na kuzimwaga ndani. Divai inaamka, inachemka tena, polepole, majira yote ya baridi. Siku niliyoiona kazi hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu mbele ya pipa. Mama yangu alikuwa akimwaga unga wa mtama katika maji ya ndizi ili kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ichemke, na hakuna aliyemwita profesa.

Jambo la mwisho ni chupa. Chupa ya Chianti ina tumbo la mviringo na haiwezi kusimama yenyewe, kwa hiyo wanawake wanaifuma vazi la majani makavu lenye kitako. Na katika mashamba hawaifungi kwa kizibo. Wanamimina juu ya divai mafuta ya zeituni, unene wa kidole, yakae shingoni na kuzuia hewa. Ukitaka kunywa unaitikisa chupa kwa ghafla, mafuta yanaruka nje, na yanayobaki unayanyonya kwa pamba. Ukishayaondoa, ile divai ni ya kunywewa siku hiyohiyo. Ukiiacha mpaka kesho imeanza kuwa siki. Mafuta ni mlinzi. Mlinzi akiondoka, nyumba imevunjwa.

Haya yote sikuyasoma katika gazeti. Niliyajifunza kwa mikono. Baba yangu alikufa kabla sijajua kufunga mkanda. Nilibeba matofali kwa Mwitaliano mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za Wabelgiji kando ya ziwa, nikajifunza lugha yake kwa kusikiliza matusi yake, na aliporudi kwao kwa sababu ya moyo wake mbovu akanichukua nimpikie. Ndugu yake alikuwa na shamba la mizabibu. Mchana nilikuwa katika pipa, jioni nilikuwa katika shule ya kilimo, nimekaa na vijana weupe walioniita kwa majina ambayo sitayaandika. Walipotangaza waliofaulu, nusu yao hawakuwemo. Mimi nilikuwemo. Diploma yangu ina mhuri mwekundu na jina langu lote limeandikwa bila kosa. Hakuna mjomba, padri wala chefu wa kabila aliyenisukuma. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Niliporudi Bukavu, mfanyabiashara Mwitaliano aliyekuwa na duka la vyakula karibu na barabara kuu alinipa kazi siku ileile aliponisikia nikisema. Divai yake ilifika katika mitungi mikubwa ya kioo, kwa meli, kwa treni, kisha kwa lori. Mimi ndiye niliyeigawa katika chupa. Wabelgiji walitaka kizibo. Waitaliano wajenzi walitaka mafuta, kama kwao, ili walie kidogo wakinywa. Sheria iliyomkataza mweusi kununua divai ilikuwa imelegezwa karibuni tu, na wengi wetu tuliifahamu kwa macho: ile iliyo mkononi mwa padri kwenye misa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mama yangu alikuwa mjane aliyebaki katika shamba la migomba la baba, juu ya kilima chetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini. Kwetu mjane hamiliki migomba. Anakaa humo kama ukoo wa mume wake unakubali. Mwenye neno alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, niliyemwita papa mukubwa. Yeye alimwacha mama akae humo miaka yote, akisema mtoto yupo, mtoto atarudi. Lakini alikuwa mgonjwa tayari. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, macho ya manjano. Katika dispensari walikuwa wamemwambia arudi nyumbani. Mwanawe, binamu yangu, alikuwa akipita katika migomba ya mama na kuihesabu kwa sauti ili mama asikie.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja: papa mukubwa aseme mbele ya ukoo, kabla hajafa, kwamba shamba ni la mama na ni langu. Asiposema, mama anatoka.

Nilipanda na lori la mboga mpaka njia ilipokwisha, kisha kwa miguu, na chupa za Chianti katika kikapu zikiwa zimesimama wima, zimebanwa na majani ili mafuta yasitikisike. Mama alikuwa ametengeneza kasiksi. Wanaume wa ukoo walikaa uani, papa mukubwa akakalishwa ndani karibu na mlango kwa sababu upepo ulimwumiza.

Kwetu hakuna anayepokea kinywaji ambacho mwenye nyumba hajakionja. Mlima mzima unaishi na woga wa karuho, ile sumu inayowekwa chini ya ukucha na kuangushwa katika kikombe. Mama alionja kasiksi yake mbele ya wote, akameza, akasubiri kidogo, akawapa. Mimi nilisimama na chupa ya kwanza, nikaitikisa, mafuta yakaruka chini, nikanyonya mabaki kwa pamba, nikajimiminia glasi, nikainywa yote.

"Umetupa nini pale chini?" akauliza binamu yangu.

"Mafuta. Inachunga divai."

"Haa! Wazungu wanakunywa na mafuta? Tutaweka na sombe basi."

Watu wakacheka, maana mafuta kwetu ni ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Niliwaeleza habari ya vilima, na kisa wanachokisimulia kule: watu wa Firenze na wa Siena waligombea mpaka, wakapatana kwamba kila upande utume mpanda farasi jogoo akiwika, na watakapokutana ndipo mpaka. Siena walimshibisha jogoo wao. Firenze walimnyima wao chakula, naye akawika usiku bado mzito, mtu wao akaondoka mapema akala sehemu kubwa ya ardhi.

"Jogoo ya njaa ndiyo ilishinda!" akasema mzee jirani, ambaye migomba yake ilipakana na ya mama. "Basi sisi wote hapa tungekuwa bami, wafalme."

Alirudisha glasi yake apewe tena. Wengine walikunja uso kwa ukali wa divai, lakini hakuna aliyemwaga. Papa mukubwa alikunywa kidogo, akafunga macho.

"Inafunga mudomo," akasema. "Lakini kisha inafungua."

Nimewasikia maprofesa wa kule wakiieleza Chianti kwa saa nzima bila kufika hapo.

Kisha akasema neno. Alisema kwa sauti ndogo, lakini uani walinyamaza na kila mtu alisikia: shamba la mdogo wake ni la mke wake mpaka afe, na baada yake ni la mtoto aliyetoka Ulaya. Binamu yangu aliangalia viatu vyake. Wanaume wakapiga makofi. Mama hakulia, alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na uso umeoshwa.

Mambo yangeishia hapo. Wanaume walipokuwa wakiondoka, ndani tulibaki watu wanne: papa mukubwa, mama, mimi, na mzee jirani aliyekuwa akimaliza kasiksi yake. Papa mukubwa akaonyesha chupa ya mwisho, ambayo haijafunguliwa.

"Ile kibuyu yenye kuvaa nguo. Nipe nayo. Nitakunywa polepole kwangu."

Nikamwambia kwamba atakapotaka kunywa, kwanza aitikise, ayatoe mafuta.

"Nitikise na mikono gani? Niko na mrija yangu ya tete, murefu. Nitaipitisha chini ya mafuta, nivute divai. Mafuta ikae pale juu, ichunge."

Ilikuwa akili ya ajabu. Mrija unashuka chini ya mafuta, mafuta yanabaki, divai inakaa nzima siku nyingi. Katika shule yangu yote hakuna aliyeliwaza jambo hilo, maana wao hawanywi kwa mrija. Nilimwambia hivyo, na alifurahi sana.

Mama akanigusa mkono. "Onja kidogo kwanza, mutoto yangu. Kinywaji haitokake mu nyumba bila kuonjwa."

"Maman, nikionja navunja mafuta. Ikivunjika, kesho ni siki. Itakuwa nimemupa papa mukubwa siki."

"Onja tu."

"Acha, maman ya mutoto," akasema papa mukubwa. "Mutoto ya ndugu yangu ataniua juu ya nini? Shamba nimekwisha kumupa."

Mzee jirani akacheka, akasema hiyo ni kweli kabisa. Papa mukubwa akabebwa na machela mpaka kwake, chupa mapajani kama mtoto mchanga.

Upande wa divai nilisema kweli, na leo nikiulizwa na mtu yeyote wa fani hiyo nitasema vilevile. Huwezi kuvunja mafuta na kuiacha chupa ikae.

Alikufa baada ya wiki chache. Ugonjwa ule ungemuua hata kwa maji. Lakini waliposafisha chumba walikuta chupa kitandani, na mrija ndani yake. Divai ilikuwa imekwisha karibu yote. Chini kabisa ilibaki kiasi cha kikombe cha kahawa, nyeusi, yenye machicha, na juu yake mafuta yote, hayakupungua hata tone, yameganda kwa baridi ya mlimani, rangi ya usaha.

Binamu yangu aliitembeza chupa ile nyumba kwa nyumba kabla maiti haijazikwa.

Mimi nilikuwa mjini. Habari niliipata kwa mwanamke muuza maharage aliyesimama mbali na mlango wa duka, asiukaribie. Nilipofika, mama alikuwa amekaa ndani peke yake na mlango wazi. Hakuna aliyekuja kulia naye. Kwetu, kifo kikitokea, hata adui anakuja kukaa. Migomba iliyokuwa upande wa njia ilikuwa imekatwa, mikungu michanga imetupwa chini haijakomaa.

"Wanasema ni mimi nilitia," akaniambia. "Wewe ulileta, mimi nilitia."

"Nitawaeleza."

"Utaeleza nani?"

Nilirudi mjini nikamwomba bosi wangu apande nami kwa baraza la chefu, ambako binamu alikuwa ametushtaki, mzungu mwenye mafuta yake na divai yake, aseme maneno mawili tu. Alikuwa akipanga makopo ya samaki. Alisema hayo ni mambo ya weusi, na kwamba nikisema jina la duka lake pamoja na neno sumu nisirudi tena kazini. Nikapanda peke yangu.

Baraza lilikaa chini ya paa la mabati karibu na nyumba ya chefu. Nilivaa suti yangu ya kijivu. Nilianza kama nilivyofundishwa, kutoka chanzo: vilima, zabibu, kuchemka, hewa, mafuta. Nilisema vizuri. Najua nilisema vizuri kwa sababu hakuna aliyekohoa. Nilitoa diploma, nikaisoma kwa Kiitaliano, kisha nikaitafsiri mstari kwa mstari. Chefu aliipokea, akaugusa mhuri kwa kidole, akanirudishia kwa heshima.

"Wewe unajua sana," akasema. "Hiyo tunaiona."

Binamu yangu akasimama. "Chefu, anajua sana. Mutu asiyejua hawezi kufanya kitu kama hii. Ile siku mbele yetu sisi wote alitupa mafuta chini, kisha akakunywa. Tuliona. Lakini ile ya papa yangu mafuta alibakisha. Kama ni dawa ya kuchunga divai, juu ya nini kwake alitoa?"

Nikaeleza habari ya mrija. Nikasema marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, ndani ya nyumba, na kwamba mzee jirani alikuwepo na alisikia yote.

Wakamwita mzee jirani. Alisimama, kofia mkononi. Alimwangalia mama, akaangalia chini.

"Mimi nilikuwa nakunywa kasiksi," akasema. "Sikusikia mambo ya mrija."

"Mzee," nikamwambia, "ulicheka! Ulisema ni kweli kabisa!"

"Nilikuwa nimelewa, mutoto yangu. Mulevi anacheka tu."

Sikumchukia hata siku hiyo. Angesema alisikia, kesho yake watu wangeuliza amepewa nini, na migomba yake ingelala chini kama yetu.

Ndipo nilipoomba chupa. Binamu aliiweka mezani kwa kitambaa, asiishike. Nikaichukua, nikauchomoa mrija, nikaigeuza mdomoni, nikanywa vyote: machicha, siki, mafuta yaliyochacha. Sijawahi kuonja kitu kibaya kama kile. Nikafungua kinywa nikamwonyesha chefu kwamba hakuna kilichobaki.

Walinikalisha pale mpaka jua likapungua. Watu walikuwa wakinitazama kama wanaotazama sufuria. Sikufa, bila shaka. Tumbo halikuniuma hata kidogo.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Mwenye karuho ndiye mwenye dawa yake. Atakufa namna gani?"

Na nikaona vichwa vinakubali, kimoja baada ya kingine.

Chefu hakuwa mjinga. Alisema hajaona uthibitisho, kwa hiyo hakuna faini, hakuna kifungo, na mtu asimguse mama. Kisha akasema neno la pili. Marehemu alitoa shamba, hilo lilisikika. Lakini ukoo unasema mtu hawezi kumwachia shamba yule ambaye kinywaji chake kimemuua. Yeye chefu hawezi kulazimisha ukoo uishi na mtu unayemwogopa. Mama apumzike kwanza kwa mtoto wake mjini mpaka mioyo ipoe.

Kila mtu alielewa. Mioyo ya namna hiyo haipoi. Binamu yangu hakushangilia. Alikuwa akilia kweli, alimpenda baba yake. Nadhani aliamini kila neno alilosema, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Ningeweza kumshinda mwongo.

Mama aliondoka siku ya pili. Alichukua vyungu viwili, jembe, na kitenge chake cha kanisani. Mitungi ya kasiksi aliiacha, kwa sababu nani angenywa humo. Hakupita kuaga, alisema akiaga atawaudhi watu, watalazimika kujibu.

Nilimjengea chumba nyuma ya nyumba yangu Kadutu, mtaa wa weusi mjini. Nilikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, dirisha la kioo, meza na viti vinne, na katika mtaa wote sisi wawili tu, mimi na karani mmoja, tulikuwa na hivyo. Mama hakukosa sukari wala sabuni mpaka siku yake ya mwisho. Hilo naweza kulisema popote bila kuinamisha kichwa. Diploma niliitundika ukutani, na wageni waliisoma. Yeye hakuiuliza kamwe, wala hakunilaumu. Mara moja tu, akichambua maharage, alisema, "Ile divai yenu, ni kweli ilikuwa muzuri. Mimi pia nilikunywa," kisha akaendelea na kazi yake.

Duka nililiacha mwaka uleule, nikafungua langu mwenyewe. Niliuza Chianti yenye kizibo.

Siku za soko watu wa mlima wetu walipita mbele ya nyumba na mikungu na makaa, asubuhi, wakielekea soko la Kadutu. Barabara ilikuwa hiyo moja. Mama aliwajua kwa sauti zao kabla hawajaonekana kwenye kona. Alikuwa akichukua kiti chake, anaingia chumbani, anafunga mlango, anakaa gizani mpaka wote wapite. Nilidhani anajificha kwa aibu, nikamwambia yeye hana aibu yoyote, aketi nje kwa mtoto wake kama malkia.

"Sijifiche," akasema. "Wako na mizigo kwa kichwa. Nikikaa pale, itawalazimu kugeuza shingo wasinione."